Tunanunua bolti kwa kichwa, tunasahau meno

MASHINE ya kusaga inaposimama kijijini, mwenyewe hufikiria mambo makubwa. Ringi zimekwisha, pampu ya dizeli imekufa, au kichwa cha injini kimepasuka. Fundi akifika na kufungua, mara nyingi anakuta jambo dogo kuliko hayo: bolti moja yenye urefu wa kidole imefungwa nati isiyo yake, meno yamelika, na kila kitu kilichoshikiliwa na bolti hiyo kimelegea.

Katika wilaya za Masasi na Newala, mashine za zamani bado zinafanya kazi. Zipo Land Rover zilizotengenezwa kabla madereva wake wa leo hawajazaliwa. Yapo matrekta ya Massey Ferguson 35 na 135, na zipo injini za Lister au nakala zake kutoka India zinazosaga mahindi na muhogo. Hazipo kwa sababu tunapenda vitu vya zamani. Zipo kwa sababu ndizo tulizonazo na zinaingiza fedha.

Hoja yangu leo ni kwamba mashine hizi haziuawi na uzee. Nyingi zinauawa na namna tunavyonunua bolti na nati. Sokoni tumezoea kuitaja bolti kwa namba ya spana inayoifungua. Mtu anafika dukani na kusema, "Nipe bolti ya 14" au "Nipe nati ya 17." Muuza duka naye anapanga makopo yake hivyo hivyo. Wote wawili wanazungumzia kichwa cha bolti, ilhali kinachoshika mzigo si kichwa bali ni meno.

Meno ninayoyasema ni ile mistari inayozunguka mwili wa bolti, ambayo vitabuni huitwa hesi. Bolti mbili zinaweza kufunguliwa kwa spana moja na kuwa na unene unaokaribiana, lakini meno yake yakawa tofauti kabisa. Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Meno yalitoka wapi

Ili tuelewe kwa nini bolti ya Land Rover ya mwaka 1960 haikubali nati ya Toyota, ni vyema turudi nyuma kidogo.

Zamani huko Uingereza kila karakana ilikata bolti kwa meno yake yenyewe. Nati iliyotengenezwa karakana moja haikuingia kwenye bolti ya karakana ya jirani. Mwaka 1841 mhandisi Joseph Whitworth alikusanya bolti za karakana nyingi, akazipima, kisha akapendekeza kipimo kimoja kwa wote. Meno yake yalikuwa na pembe ya nyuzi 55, na kila unene wa bolti ulipewa idadi yake ya meno katika inchi moja. Hayo ndiyo mafundi wa zamani waliyoyaita "Whitworth", na kwenye vitabu vya mashine huandikwa BSW.

Meno hayo ni makubwa na yamekaa mbalimbali. Magari yalipoanza kutumika, ilionekana kuwa mtikisiko huyalegeza kwa urahisi, hivyo Waingereza wakatoa aina nyingine yenye meno madogo na mengi zaidi, inayoandikwa BSF. Kwa vifaa vidogo vya umeme na saa za dashibodi walikuwa na aina ya tatu, yaani BA, ambayo kwa ajabu yake ilitengenezwa kwa kufuata milimita ingawa ni ya Waingereza.

Wamarekani hawakufuata njia hiyo. Mwaka 1864 William Sellers wa Philadelphia alipendekeza meno ya pembe ya nyuzi 60, kwa sababu ni rahisi zaidi kuyakata na kuyapima. Bara la Ulaya nalo lilikuwa na meno yake ya milimita.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ndiyo iliyoonyesha ubaya wa mgawanyiko huu. Uingereza na Marekani walipigana upande mmoja, lakini bolti za upande mmoja hazikuingia kwenye vifaru na malori ya upande wa pili. Novemba 1948 nchi hizo mbili pamoja na Kanada zilitia saini makubaliano mjini Washington ya kutumia aina moja ya meno ya inchi, yenye pembe ya nyuzi 60. Meno hayo yanaandikwa UNC yakiwa makubwa na UNF yakiwa madogo.

Viwanda vya Uingereza havikubadilika kwa siku moja. Vilihama polepole, kifaa kimoja baada ya kingine, kwa miaka mingi. Baadaye tena vikahamia kwenye milimita. Ndiyo sababu gari moja la Kiingereza la zamani linaweza kuwa na meno ya aina tatu au nne kwa pamoja.

Jinsi yalivyofika Kusini

Mikoa ya Kusini ilipokea meno ya kila aina mapema. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza ule mpango mkubwa wa karanga, na Nachingwea, jirani zetu wa Masasi, ilikuwa moja ya sehemu tatu zilizochaguliwa pamoja na Kongwa na Urambo. Mpango ulikufa mwaka 1951 bila karanga za maana. Lakini ulileta mitambo ya Kiingereza na ya Kimarekani kwa pamoja, ikiwemo matrekta mitumba yaliyotoka vitani na hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta ya kung'olea visiki. Fundi aliyetakiwa kuhudumia mitambo hiyo yote alihitaji seti mbili za spana na makopo mawili ya bolti.

Mwaka 1948, Land Rover ya kwanza ilionyeshwa. Gari hilo lilifaa barabara zetu za mchanga na milima ya kupandia Newala, na kwa miaka mingi likabeba abiria, wagonjwa na magunia ya korosho. Land Rover za mwanzo zilifungwa kwa BSF na BSW, na BA kwenye vitu vidogo. Matoleo yaliyofuata yakaanza kuingiza UNF, lakini sehemu nyingine zikabaki na meno yale yale ya zamani.

Injini ya Lister ya mzunguko wa polepole, iliyoanza kutengenezwa Dursley nchini Uingereza karibu na mwaka 1930, ilikuja na meno ya Whitworth na BSF. Nakala zake za India hazifuati meno ya asili kila mara, hivyo nati ya Lister halisi inaweza kukataa kwenye nakala. Matrekta ya Massey Ferguson 35 na 135 kwa sehemu kubwa yamefungwa kwa UNF na UNC.

Kisha wakaja Wajapani na Toyota, Isuzu na Fuso zao, zote za milimita. Katika miaka ya karibuni zimekuja pikipiki za India na China, nazo ni za milimita. Kijana aliyejifunza ufundi kwenye bodaboda anaijua spana ya 10, 12, 14 na 17 kama anavyoijua mikono yake. Inchi hajafundishwa na mtu.

Kijana huyo hana kosa. Ameletewa Land Rover ya babu yake huku mkononi ana spana za pikipiki.

Kichwa kinavyodanganya

Mfano mzuri wa jinsi kichwa cha bolti kinavyoweza kudanganya ni magari ya Morris ya zamani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kampuni ya silaha ya Ufaransa iitwayo Hotchkiss ilifungua kiwanda Coventry, Uingereza. Vita ilipokwisha kiwanda hicho kikaanza kuwatengenezea Morris injini, na mwaka 1923 Morris akakinunua.

Mashine za kiwanda hicho zilikuwa za Kifaransa na zilikata meno ya milimita. Kuzibadilisha zote kungegharimu fedha nyingi. Lakini mafundi wa Uingereza walikuwa na spana za Whitworth tu. Basi kiwanda kikatengeneza bolti zenye meno ya milimita na kichwa cha Whitworth. Utaratibu huo ulidumu kwenye baadhi ya injini za Morris na MG hadi miaka ya 1950.

Fundi anayefungua injini hiyo anaona spana ya Whitworth imeingia vizuri, anaamini kuwa meno nayo ni ya Whitworth, kisha anaingiza bolti ya Whitworth kwa nguvu kwenye tundu la milimita. Tundu linaharibika palepale. Spana haikumdanganya. Yeye aliiuliza swali ambalo spana haina jibu lake.

Tusidhani mambo hayo yaliishia kwa Morris. Bolti ya milimita 10 ya gari la Kijapani hufunguliwa kwa spana ya 14, na meno yake kwa kawaida yameachana kwa milimita 1.25. Bolti ya milimita 10 unayonunua kwenye duka la vifaa vya ujenzi mara nyingi hufunguliwa kwa 17 au 16, na meno yake yameachana kwa milimita 1.5. Zote mbili ni bolti za milimita 10, lakini nati ya moja haiingii kwenye nyingine. Hivyo hata mwenye Toyota anaweza kuumia.

Spana za Whitworth nazo zina utata wake. Namba iliyoandikwa kwenye spana hiyo ni unene wa bolti, si upana wa mdomo wa spana. Spana iliyoandikwa 3/8 W ina mdomo wa karibu milimita 18. Spana hiyo hiyo kwa kawaida imeandikwa pia 7/16 BS, kwa kuwa inafungua bolti ya BSF ya unene huo. Spana ya 1/4 W ina mdomo wa milimita 13.3. Ukitumia ya 13 haiingii, na ukitumia ya 14 inacheza na kuviringa pembe za nati. Baada ya hapo inaitwa ile mafundi wanayoiita spana malaya, kisha patasi na nyundo, na mwisho mtu wa kuchomelea.

Mitego mitatu

Wapo wanaosema kuwa nati isiyo yake itakataa yenyewe, kwa hiyo hakuna hatari. Ingekuwa hivyo tungepona. Ubaya ni kwamba nati nyingi zisizo zake hazikatai. Nitaje mitego mitatu ambayo kila mwenye mashine anapaswa kuijua.

Mtego wa kwanza ni wa nati inayoingia na kukaza. Bolti ya inchi 5/16 ina unene wa milimita 7.94, karibu sawa kabisa na bolti ya milimita 8. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ukiweka nati ya milimita 8 kwenye bolti hiyo, itaingia raundi moja au mbili kisha itakaza. Fundi mwenye haraka anadhani ni kutu, anaongeza bomba kwenye spana na kuvuta. Nati inaingia kweli, lakini inaingia kwa kukata meno mapya juu ya yale ya zamani. Siku ya kuifungua, bolti inakatika.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi, kwa sababu nati inaingia laini. Bolti ya BSF ya inchi 3/8 ina meno 20 katika inchi moja. Nati ya Kijapani ya milimita 10 ina meno yanayoachana kwa milimita 1.25, ambayo ni karibu sawa na hayo 20. Kwa hiyo nati ya Toyota inaingia kwenye bolti ya Land Rover ya zamani hata kwa vidole. Lakini bolti ile ni nyembamba kwa karibu nusu milimita, na meno yanashikana juu juu tu. Ukikaza kwa nguvu yanateleza. Usipokaza, mtikisiko wa barabara unayamaliza. Nati ya namna hiyo ikiwa kwenye usukani au kwenye springi, tunazungumzia roho za watu.

Mtego wa tatu ni wa idadi inayofanana. Bolti ya robo inchi ya Whitworth ina meno 20 katika inchi moja, na ya UNC ya unene huo nayo ina 20. Tofauti ipo kwenye pembe, yaani nyuzi 55 na nyuzi 60. Zinaingiliana, na kwa kufungia bati la bodi hakuna neno. Kwa kazi nzito hazifai. Kwenye nusu inchi hata idadi inatofautiana: Whitworth ina 12 na UNC ina 13.

Kuna jambo jingine ambalo si mtego wa kipimo bali wa upande. Kila mwenye baiskeli anajua kuwa pedali ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungushia upande wa kinyume. Malori kadhaa ya Kiingereza ya zamani, Bedford yakiwemo, yalikuwa na nati za tairi za namna hiyo kwenye magurudumu ya upande wa kushoto. Asiyejua anazidi kukaza huku akidhani anafungua, mpaka stadi inakatika. Kabla ya kuongeza nguvu, angalia kama kuna herufi L kwenye stadi au kwenye nati.

Hasara haiko kwenye bei ya nati

Tufanye hesabu ya mfano tu, na kila mmoja aweke bei za kijijini kwake. Tuseme mashine inasaga debe 30 kwa siku kwa Sh1,500 kila debe. Hiyo ni Sh45,000. Bolti ya kushikilia kifuniko imekatika ndani ya tundu. Fundi wa Mnyambe hana ya kufanana nayo, anamtuma kijana wa bodaboda Newala mjini. Haipo. Wanauliza Masasi, kisha Mtwara, na mwisho inaagizwa Dar es Salaam ije kwa basi.

Siku nne zikipita, mwenye mashine amekosa Sh180,000. Ongeza nauli, simu, na malipo ya kutoboa bolti iliyokatikia ndani. Wateja wamekwenda kusaga kwingine, na wengine hawatarudi. Yote hayo yamesababishwa na nati ambayo ilipendwa kwa sababu ilipatikana haraka. Rahisi ghali.

Kwa mkulima wa korosho hesabu inaweza kuwa kali zaidi, kwa sababu msimu haumsubiri mtu. Ukungu wa ubwiriunga unapoingia kwenye maua, salfa inatakiwa ipulizwe kwa wakati wake. Gari lililopangiwa kupeleka mashine za kupulizia shambani likikaa wiki nzima juu ya mawe kwa kukosa stadi, hakuna atakayerudisha maua yaliyokauka.

Nini kifanyike

Kwa mtazamo wangu, wajibu umegawanyika kwa watu wanne, na hakuna hata mmoja anayehitaji kusubiri mfadhili.

Wa kwanza ni mwenye mashine. Usitupe bolti ya asili hata ikiwa imekatika, kwa kuwa kipande chake ndicho cheti chake cha kuzaliwa. Wapo wanaouza kopo zima la bolti za zamani kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kwa kilo, halafu mwezi unaofuata wanatafuta moja ya hizo hizo kwa tochi. Weka daftari la mashine yako na uandike kila tundu lina meno gani na lini lilibadilishwa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Walikuwa wanasema biashara, lakini mashine nayo ni biashara.

Wa pili ni fundi. Kipo kifaa kidogo kinachoitwa geji ya meno, chenye majani mengi kama ya kisu cha kukunja, na kila jani limekatwa kwa idadi yake ya meno. Unaliweka jani kwenye bolti na kuangalia kwenye mwanga. Likikaa bila kuacha upenyo, umepata jibu. Bei ya geji hiyo ni ndogo ukilinganisha na siku moja ya mashine kusimama, na fundi anayehudumia magari ya Kiingereza bila geji anafanya kazi ya kubahatisha.

Asiye na geji bado ana njia. Chukua bolti unayoijua na usiyoijua, uziweke ubavu kwa ubavu meno yakiingiana, kisha uziinue juani. Ukiona mwanga unapenya kati ya meno, hazifanani. Au weka rula ya inchi na uhesabu meno yaliyomo ndani ya inchi moja, ambayo ni milimita 25.4. Kwa bolti ya milimita, pima urefu wa nafasi 10 za meno. Ukipata milimita 12.5, basi meno yameachana kwa 1.25.

Na ipo kanuni moja isiyohitaji kifaa chochote: nati safi kwenye bolti safi iingie kwa vidole angalau raundi nne kabla ya kushika spana. Ikikataa, simama. Ikiingia huku inacheza kushoto na kulia, simama pia.

Fundi akilazimika kukata meno mapya kwenye tundu lililoharibika, hakuna ubaya kulihamisha kuwa la milimita, ilimradi ukuta wa chuma unatosha na ahamishe bolti zote za kifaa hicho, si moja tu. Kisha apake rangi nyekundu kwenye vichwa vyake ili fundi atakayekuja baada yake ajue. Kifaa chenye bolti tatu za inchi na moja ya milimita bila alama ni mtego aliotegewa mtu mwingine.

Wa tatu ni mwenye duka la spea, na hapa ndipo ninapoona fedha ikiwa imelala. Makopo yapangwe kwa meno na unene, na juu yake pabandikwe sampuli moja iliyokazwa nati yake. Mteja akija na bolti yake, aijaribishe pale pale kabla ya kulipa. Duka la Masasi litakalokuwa na kopo la BSF 5/16 na 3/8, na kopo la UNF za unene huo, litajulikana kutoka Lukuledi hadi Tandahimba bila kuweka tangazo. Bolti hizo bado zinatengenezwa India na Uingereza kwa ajili ya magari ya zamani. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam anaweza kuziagiza akijua kuna wanunuzi, na wanunuzi wakiziomba kwa majina yake badala ya kusema "ya 14", atajua.

Wa nne ni vyuo vyetu vya ufundi. VETA ipo Mtwara, na Ndanda ina historia ndefu ya mafunzo ya ufundi chini ya wamisionari wa Kibenediktini. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, nayo ina ofisi mkoani. Sisemi waache milimita, kwa maana dunia imehamia huko. Lakini kijana anayefundishwa ufundi katika mikoa ya Kusini apewe japo siku mbili za inchi: kusoma spana ya Whitworth, kutumia geji, na kutoa bolti iliyokatikia ndani ya tundu. Maonyesho ya Nanenane ya Ngongo, Lindi, yangekuwa mahali pazuri pa kuwaonyesha mafundi wa gereji bubu jambo hilo, badala ya kila mwaka kuangalia matrekta mapya ambayo wengi hawatayanunua.

Hoja ya kuuza vya zamani

Najua lipo jibu la haraka: uzeni hayo makangara, mnunue vipya. Kwa baadhi ya mashine jibu hilo ni sahihi. Gari ambalo chesisi yake imeliwa na kutu haliponi kwa nati ya BSF, na mwenye nalo asidanganywe na mtu yeyote.

Lakini tuwe wakweli. Injini ya dizeli inayozunguka polepole, yenye vipuri vichache na inayofunguliwa kwa spana nne, imemsomeshea mtu watoto. Mkopo wa kununua mpya una riba, na mashine mpya ya bei nafuu nayo ina bolti zake, wakati mwingine za chuma laini kuliko zile za zamani. Atakayeendelea kufunga kwa kubahatisha ataiua mpya kama alivyoiua ya zamani.

Wala inchi haijafa kama tunavyodhani. Huku uwandani Makonde, ambako maji ni ya shida na kila mwenye bati anatega ya mvua, tukienda dukani tunaomba bomba la nusu inchi au robo tatu. Meno ya mabomba ya chuma na koki hizo ni ya pembe ya nyuzi 55, ya ukoo ule ule wa Whitworth, na yana meno 14 katika inchi moja. Hata jina lake linadanganya, kwa sababu bomba la nusu inchi kwa nje lina karibu milimita 21. Kwa upande wa pili, plagi ya Land Rover ya petroli, gari la inchi tupu, ni ya milimita 14. Mambo yamechanganyika kila mahali, na atakayejua kuhesabu meno ndiye atakayepona.

Tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye mashine, ufa ni ile nati iliyokataa kwa vidole na mtu akaongeza bomba kwenye spana. Kabla msimu haujaanza, pita kwenye mashine yako na spana na kitambaa, fungua nati moja moja unazozitilia shaka, uzisafishe, na uangalie kama zinaingia kwa vidole. Zile zisizo zake zitoe sasa, wakati mahindi bado yako ghalani na maduka ya Masasi yana muda wa kukutafutia zilizo zake.